Nani Abebe, Nani Abebwe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Michango ya Mtaa

Ukurasa huu umetoka wapi?

Nimekuwa mweka hazina wa kamati ya barabara ya mtaa wetu, upande wa Moshono hapa Arusha, kwa masika sita sasa. Kila Machi ikikaribia, maswali huanza upya kwenye grupu, nami hukaa hadi saa tano usiku nikiyajibu kwa kidole kimoja. Mwaka huu nimeyakusanya mahali pamoja. Mengine ni ya kifusi na mtaro. Mengine yamevuka mtaa, kwa sababu tuna wajumbe wawili waliosoma uchumi na mmoja anayeshinda karibu na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hao wakianza kubishana hakuna anayelala. Majibu ni yangu mwenyewe, kamati isilaumiwe.

Barabara, taa, ulinzi: kwa nini mnaviita "bidhaa za umma" wakati hakuna duka linaloviuza?

Vinaitwa hivyo kwa sababu hiyohiyo, kwamba hakuna mwenye duka anayeweza kuviuza akapata faida. Mwaka 1954 mchumi Mmarekani, Paul Samuelson, aliandika makala ya kurasa tatu hivi akieleza kwamba kuna vitu ambavyo mtu mmoja akivitumia havipungui kwa mwingine. Waliomfuata wakasisitiza sifa ya pili: ni vigumu kumzuia asiyelipa asivitumie.

Pale kona kuna mzee amefunga taa ya sola kwenye ukuta wake, kwa nje. Binti anayetoka zamu ya usiku anapita hapo anaona shimo, analiruka, anafika nyumbani. Mwanga haukumwishia mzee. Na hata angekuwa mchoyo, hana namna ya kumwambia binti afumbe macho akifika kona. Mlinzi wa usiku ni hivyohivyo: akipiga filimbi mwizi anaukimbia mtaa mzima, hakimbii tu zile nyumba zilizolipa. Chanjo ya kichaa cha mbwa pia. Mbwa wako akichanjwa, mtoto wa jirani ndiye anayepona.

Maji ya bomba hayamo. Yana mita, na usipolipa unakatiwa. Barabara yetu iko katikati, maana malori yakizidi inaharibika kwa wote, lakini kumzuia mtu asipite hatuwezi.

Kwa nini wanaochanga ni walewale kila mwaka?

Nimeshika daftari miaka sita na majina ya juu hayabadiliki. Yupo mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule chini, yupo mama mwenye Noah mbili za kubeba wanafunzi, yupo mstaafu mmoja mwenye gari la zamani analolipenda kuliko wajukuu. Watu husema hao wana roho nzuri. Roho nzuri wanayo, sikatai, lakini hebu tupige hesabu.

Tuseme kifusi cha kuziba mashimo yote ni laki nane. Lori la saruji la yule mwenye duka likikwama mara moja kwenye mteremko, siku imeharibika: anakodi vijana wa kubeba mifuko kichwani, mteja anakwenda kwa mwingine, na mvua ikimkuta saruji imegeuka jiwe. Kwake barabara nzuri msimu mmoja ina thamani kupita hizo laki nane. Hata tukimwachia peke yake, atamwaga kifusi. Sasa mtazame jirani anayetembea kwa miguu na buti zake za mpira. Barabara inamfaa, ila inamfaa kwa elfu ishirini, tuseme thelathini. Naye anajua fika kwamba mwenye duka atamwaga tu. Elfu ishirini yake itaongeza nini? Anatulia. Ukimpigia anakwambia "nimeiona mweka hazina, kesho natuma." Huyo si mtu mbaya. Amepiga hesabu tu, na hesabu yake haina kosa.

Mancur Olson, Mmarekani mwingine, aliliandika jambo hili mwaka 1965 kwa namna iliyowashangaza wengi: katika kazi ya pamoja, wadogo huwa na tabia ya kuwanyonya wakubwa. Sisi tumezoea kusikia kinyume chake. Anayekihitaji kitu zaidi ndiye hukubali kukigharamia kwanza, na akishakigharamia wengine hawana haraka. Olson akaongeza kwamba kundi likiwa kubwa zaidi, kutegea kunazidi, kwa kuwa mchango wa mmoja hauonekani ukiwepo wala ukikosekana. Nyumba kumi za balozi mmoja, kila mtu anajua nani hakutoa. Nyumba sitini, mtu anajificha katikati ya wenzake kama sindano kwenye godoro.

Nikirudi kwa mwenye duka: tripu ya kwanza ya kifusi humwagwa mbele ya geti lake kila mwaka. Sijawahi kuuliza kwa nini.

Mjumbe wetu anasema hata NATO ina kesi hii. Kweli?

Kweli. Mwaka 1966 Olson na mwenzake Richard Zeckhauser walichukua hoja ileile ya kundi wakaipeleka kwenye muungano huo wa kijeshi, ulioanzishwa mwaka 1949 na nchi 12 na ambao sasa una 32. Adui akizuiwa kuivamia Ulaya, amezuiwa kwa wote, aliyenunua vifaru na asiyenunua. Marekani, kwa ukubwa wake, ikawa kama yule mwenye duka. Mpaka leo inabeba zaidi ya nusu ya matumizi yote ya ulinzi ya wanachama.

Mwaka 2014, kwenye mkutano wa Wales, walikubaliana kila nchi ielekee asilimia 2 ya pato lake la taifa. Wengi walijikausha kwa miaka. Kilichowaamsha zaidi ni vita ya Ukraine, si maazimio. Mwaka 2025 huko The Hague wakapandisha lengo hadi asilimia 5 ifikapo 2035: tatu na nusu kwa jeshi lenyewe, moja na nusu kwa mambo yanayoambatana nalo, kama madaraja na mitandao.

Ila msikubali upesi kwamba mkubwa anaonewa. Jeshi la Marekani haliko kwa ajili ya Ulaya peke yake, lina bahari nyingine linazozilinda kwa sababu zake lenyewe. Ukihesabu matumizi yake yote kuwa ni "mchango kwa wenzake", ni sawa na mwenye duka kuhesabu bei ya lori lake kwenye mchango wa barabara. Halafu anayelipa zaidi ndiye anayesikilizwa zaidi mezani. Tripu ya kwanza inamwagwa kwake.

Na Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyo hapa hapa mjini kwetu?

Hapa kesi imegeuzwa juu chini, ndiyo maana naipenda.

Mkataba wa kuifufua Jumuiya ulisainiwa hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika Julai 2000. Walianza watatu: Kenya, Uganda na Tanzania. Rwanda na Burundi wakaingia 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, Somalia 2024. Wako wanane. Na Mkataba, kwenye Ibara ya 132, uliweka wazi kwamba bajeti ya Jumuiya inatokana na michango iliyo sawa ya nchi wanachama, pamoja na misaada.

Sawa maana yake sawa kabisa. Uchumi wa Kenya ni mkubwa kuliko wa Burundi zaidi ya mara 20, lakini kwa kanuni hiyo kila mmoja amekuwa akiandikiwa kiasi kilekile. Kwa hiyo wakati NATO inalalamika kwamba mkubwa anabeba kupita kiasi, huku kwetu mdogo ndiye anayeonekana kubeba jiwe lisilo la umri wake. Matokeo mnayasikia kwenye habari kila mwaka: malimbikizo ya michango, mikutano ya Bunge la Jumuiya inayosubiri fedha, watumishi wenye wasiwasi. Wajumbe wetu waliosoma uchumi wamegombana hapa usiku kucha. Mmoja anasema usawa wa michango ndio unaolinda usawa wa kauli: mkianza kulipa kwa ukubwa, kesho mkubwa atataka kura kwa ukubwa. Mwenzake anasema kauli ya mtu anayedaiwa ni kauli gani? Mimi nipo na huyu wa pili, ingawa hofu ya wa kwanza naiona kila nikipita mbele ya geti la mwenye duka.

Na adhabu je? Ibara ya 143 inasema nchi isiyotimiza wajibu wake wa fedha itachukuliwa hatua ambazo Wakuu wa Nchi wataamua. Lakini Wakuu wa Nchi huamua kwa maafikiano, na mkuu wa nchi inayodaiwa yuko mezani. Ni kama kikao cha mtaa kinachohitaji mdaiwa akubali mwenyewe kutozwa faini. Mtakaa mpaka chai ipoe.

Wazee wetu watakumbuka kwamba si mara ya kwanza. Jumuiya ya kwanza, ya mwaka 1967, nayo makao yake yalikuwa Arusha, na ilikufa mwaka 1977. Siasa zilikuwamo, na uhasama wa viongozi, lakini nani anatoa na nani anafaidi reli, bandari na ndege za pamoja ulikuwa miongoni mwa ugomvi mkubwa. Mji huu umeshamzika mgonjwa huyu mara moja.

Si ndiyo haki kila nyumba itoe kiasi kimoja?

Ni rahisi. Kama ni haki, hilo lijadiliwe.

Mfano ninaoupenda uko kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa tunaponunua umeme. Nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 12,000 kwa mwaka, yaani 1,000 kila mwezi, kisha mwaka 2023 ikawa 18,000. Wa chumba na sebule kule Muriet na mwenye nyumba ya marumaru Njiro, ilimradi zote ni za chini bila ghorofa, wanakatwa sawa. Sikatai kwamba ukusanyaji umekuwa mwepesi. Zamani karani alikuwa anazunguka na kitabu akifungiwa mageti. Sasa hakuna wa kumkimbia. Lakini mzigo unapimwa na mgongo unaoubeba, na 1,500 kwenye migongo hiyo miwili hazina uzito mmoja.

Ngoja niwaonyeshe kinachotokea kwenye nyumba za kupanga, maana hapo ndipo somo lote lilipo. Niliwahi kuishi Ngarenaro kwenye nyumba ya vyumba sita, mita moja. Kanuni ya kukatwa ni kwamba anayenunua kwanza mwezi unapoanza ndiye anayekutana na makato. Basi ndugu yangu mmoja ambaye bado anapanga nyumba ya aina hiyo ananisimulia: tarehe 30 uniti zinakaribia kwisha, kila mtu anazima friji yake. Tarehe mosi asubuhi umeme umekata, na hakuna anayenunua. Huyu anasema amesahau simu kazini, yule anasema mtandao unasumbua, mama wa chumba cha nyuma anapika kwa mkaa tangu jana kana kwamba ni sikukuu. Giza linaingia. Hatimaye ananunua yule mwenye vifaranga, kwa sababu taa ya joto ikizimwa usiku mmoja ameshapoteza banda zima. Mwezi ujao tena ni yeye. Mwezi wa tatu tena. Watu sita, shilingi 1,500, na tayari wana mwenye duka wao.

Na kumbuka kodi ile ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anapaswa kuelewana naye akatwe kwenye pango. Wangapi wamewahi kufungua mdomo kuhusu hilo?

Njia nyingine ni kulipa kwa uwezo. Umoja wa Mataifa hufanya hivyo: bajeti yake ya kawaida imegawanywa kwa kuangalia uchumi wa kila nchi, lakini kuna dari na kuna sakafu. Anayelipa zaidi hazidi asilimia 22, na hiyo ni Marekani. Sakafu ni asilimia 0.001. Nchi zilizo kwenye kundi la maendeleo duni hazivuki asilimia 0.01, na Tanzania imekuwa ikiandikiwa hiyo 0.01. Hata hapo wapo wanaochelewa, na Marekani yenyewe imekuwa mdaiwa mkubwa wa miaka mingi. Kwa hiyo kupanga kwa uwezo hakumalizi kutegea. Kunachofanya ni kumnyima mtegeaji kisingizio.

Nchi yetu inajua pia hasara ya kutoza vichwa sawa. Wenye umri wangu wanaikumbuka kodi ya maendeleo, na wanaume waliokuwa wanalala mashambani wakisikia mgambo wapo barabarani. Ilifutwa mwaka 2003.

Mpangaji achangie barabara?

Ndiyo, kidogo. Mwenye nyumba zaidi, maana barabara ikitengenezwa pango linapanda, na linapanda kwake.

Mbona wenzetu wa Kilimanjaro wana mifongo inayodumu vizazi na vizazi bila mweka hazina kupiga kelele?

Kelele zipo, mimi nimezisikia. Ukweni kwangu ni Uru, juu ya Moshi, na kuna Krismasi moja nilipelekwa kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, nikiwa bado na viatu vya safari.

Kwa wasiofahamu, mfongo ni mfereji unaoyatoa maji mtoni, juu kabisa kwenye korongo, ukayatembeza pembeni mwa mlima hadi kwenye vihamba, kwenye migomba na kahawa. Ni kazi ya zamani. Wageni wa Kizungu waliofika mlimani katika karne ya 19 waliikuta tayari na wakaandika kwa mshangao. Mara nyingi mfongo huhesabiwa kuwa ni wa ukoo wa yule aliyeuanzisha, na una wazee wake na zamu zake. Asiyetokea siku ya kusafisha anatozwa faini. Zamani iliweza kuwa mbege, pombe ya ndizi, siku hizi ni fedha. Akikaidi, zamu yake ya maji inarukwa.

Mnaona tofauti na sisi? Wao wana pa kumbana mtu. Maji yana zamu, na zamu inaweza kurukwa. Barabara yangu mimi haina zamu.

Lakini kuna jambo lenye kina zaidi, na nililielewa siku ile nikiwa nimezama kwenye tope hadi magotini. Banio la maji, yaani kizuizi cha mtoni kinachoyaelekeza maji kwenye mfongo, lilikuwa la mawe, magogo na mafurushi ya majani. Mvua kubwa ikija linabebwa lote. Wenye vihamba vya juu, karibu na banio, wanapata maji kwanza hata mfongo ukiwa mchafu kule chini. Wa mkiani ndio wanaoumia. Ungetegemea wa juu wasijali. Lakini banio likibebwa, wa juu nao wamekauka, na hawawezi kulijenga peke yao, linahitaji mikono mingi. Kwa hiyo wanawahitaji wa mkiani. Na wa mkiani hawaji kubeba mawe ya banio kama maji hayawafikii. Ugonjwa wa banio ndio uliokuwa unawafunga pamoja.

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, aliliona jambo hilohilo Nepal. Mifereji iliyotunzwa na wakulima wenyewe, yenye mabanio dhaifu, mara nyingi ilifikisha maji mkiani vizuri kuliko ile iliyojengewa mabanio ya zege na wataalamu. Zege likishawekwa, wa juu hawamhitaji tena mtu. Msaada mzuri kabisa, uliotolewa kwa nia njema, ukavunja mapatano ambayo hakuna aliyejua kwamba yapo.

Tangu hapo kila mtu akiniambia "tumtafute mfadhili atuwekee lami mita mia za juu", nauliza kwanza ni nani atakayebaki kuutengeneza mteremko wa chini.

Anayegoma kuchanga tumfanyeje? Tutangaze majina?

Tulishafanya. Kosa lilikuwa langu, nalieleza hapa ili lisirudiwe.

Miaka mitatu iliyopita niliweka kwenye grupu orodha ya wadaiwa, nyumba kumi na tisa, na nikaweka alama nyekundu kwa waliodaiwa misimu miwili. Jioni ile fedha ziliingia kuliko wiki tatu zilizotangulia, nikajiona bingwa. Asubuhi mwenyekiti wa mtaa akanipigia. Kwenye alama nyekundu nilikuwa nimemweka mama mmoja mjane wa nyumba ya mwisho. Ni kweli hakuwa ametoa hata senti. Ila tangu tulipoanza, kila siku ya kumwaga kifusi, sufuria la uji na madumu ya maji ya vijana wanaosambaza yanatoka kwake. Kuni zake, unga wake, sukari yake. Hakuna aliyewahi kuliandika hilo popote, kwa sababu daftari langu lina safu moja tu: "kiasi".

Nilikwenda kwake. Alinikaribisha, akanipa chai, akaongea nami habari za mahindi. Hakuligusa neno hilo hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Msimu uliofuata alileta elfu ishirini kwenye bahasha, imefungwa vizuri. Uji haukuja tena.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na mimi niliupima wa mama yule bila hata kuunyanyua.

Sasa majina hayatangazwi. Tunatangaza nyumba ngapi zimetoa na kiasi kilichobaki, na anayedaiwa anafuatwa nyumbani na watu wawili, mmoja wao jirani yake. Inachosha. Inaleta fedha zaidi.

Kazi ya mikono inahesabiwa?

Tangu kisa hicho, ndiyo. Daftari lina safu tatu: fedha, siku za kazi, na vitu (uji, maji, kukopesha toroli au sururu). Siku moja ya sepeto tunaihesabu sawa na kibarua cha siku kwa bei ya mtaani. Wapo walionuna wakisema tumefungua mlango wa wavivu. Kwa kweli walioingia kwa mlango huo ni kina mama na vijana ambao tayari walikuwa wanafanya kazi bila kuandikwa, na wenye magari watatu ambao sasa hutuma kibarua badala ya kuja wenyewe. Hilo la mwisho sijui kama nilipende. Tulipokuwa sote kwenye tope tulikuwa tunasalimiana.

Si tunalipa kodi? Serikali ifanye.

Kweli tunalipa. Barabara za mitaa na vijijini ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali iliyoanza mwaka 2017, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za aina hiyo. Hivyo kijana wa bodaboda anayejaza lita mbili kila siku ameshachanga, hata kama kwenye daftari langu hana alama. Mkumbukeni mnapomsema.

Ila mtandao wa barabara ni mkubwa, fedha ni kidogo, na njia yetu ni ya mwisho kwenye foleni. Tumeandika barua, inafuatiliwa. Swali gumu ni lile aliloniuliza mstaafu: tukiijenga vizuri wenyewe, hatutajitoa kwenye foleni? Naona kuna ukweli humo. Wanaojiweza huonekana hawana shida. Ni hesabu ya kutegea, safari hii tunaocheza ni sisi na halmashauri, kila mmoja anamwangalia mwenzake nani atanunua umeme kwanza.

Mashuleni mmeiona sarakasi hiyo. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, michango ya lazima ikapigwa marufuku mwanzoni mwa 2018, na bado madawati, chakula na walinzi vilihitaji mtu wa kuvilipia. Michango ikarudi kwa jina la hiari. Hiari, kwa uzoefu wangu, hulipwa na wazazi walewale wanaohudhuria vikao.

Kamati ikila fedha?

Ilishawahi kutokea kabla yangu. Mtu wa greda alilipwa nusu ya kazi na greda halikuonekana. Sitaji jina. Ilichukua misimu miwili watu kuanza kutoa tena, na katika misimu hiyo kila mtegeaji alikuwa na sababu ya heshima ya kutegea. Risiti zote sasa zinapigwa picha siku ileile na kuwekwa kwenye grupu, pamoja na ile ya soda za madereva, ambayo kila mwaka ndiyo inayojadiliwa kuliko zote.

Mchango wa masika haya ni kiasi gani, na nitume wapi?

Kikao kimepitisha ngazi tatu: nyumba yenye biashara inayotumia lori, nyumba yenye gari, na nyumba isiyo na gari. Viwango viko kwenye tangazo lililobandikwa kwa mwenyekiti. Anayetaka kutoa kazi badala ya fedha afike Jumamosi ya kwanza ya Machi saa moja asubuhi, pale kwenye kalavati, na sepeto.

Namba ya kutumia ni ileile iliyo juu kwenye grupu. Tafadhali ukituma, andika nyumba yako kwenye ujumbe. Mwaka jana zimeingia elfu thelathini kutoka kwa jina ambalo hakuna anayelifahamu mtaani, na mpaka leo sijajua niziandike wapi. Mwenyewe kama unasoma hapa, jitokeze. Huenda nimekufuata nyumbani mara mbili.